Nani alizitinda nyusi za Mona Lisa?

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea picha ya babu yake, ameifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Rangi za mafuta juu ya turubai, fremu imeliwa na mchwa upande mmoja. Nikailaza mezani, nikawasha taa ya pembeni. Babu kavaa kanzu na koti, macho makali, na chini ya pua hana kitu. Pana doa jeupejeupe linalong'aa, ukubwa wa kidole gumba.

"Alikuwa na sharubu," mama akasema. "Zikaingia uchafu, nikazipangusa kidogo na spiriti."

Nikamuuliza kitambaa kilitoka na rangi gani.

"Kahawia. Uchafu mtupu, fundi."

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kwamba ule uchafu ndio sharubu zenyewe, naye akawa ameshaiona kalenda yangu ukutani. "Na huyu Mona Lisa hana nyusi. Unajua wanawake wa zamani wa Italia walikuwa wanazitinda zote?"

Kila anayeleta picha hapa huniambia hivyo, na kila mmoja huniambia kama siri. Basi leo niliandike, nikiulizwa tena nimpe mtu asome wakati mimi nafanya kazi.

Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana dhana hii haifi. Karne ya 15 wanawake wengi wa tabaka la juu Ulaya waling'oa nywele za mbele ili paji la uso lionekane pana, na nyusi walizipunguza. Lakini kutinda si kumaliza. Kijana Raphael, aliyekuwa Florence, Italia, miaka ileile Leonardo da Vinci alipokuwa akimchora Mona Lisa, alimchora Maddalena Doni mnamo 1506, mkao umeigwa wazi kwa Mona Lisa mpaka mikono inavyopishana. Maddalena ana nyusi. Nyembamba, lakini zipo, na hahitaji mtu miwani kuziona.

Shahidi wa kwanza ambaye watu humtaja ni Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1550. Anazisifu nyusi za picha hii kwa undani: vinyweleo vinavyotoka kwenye ngozi, hapa vizito, pale vichache, vikifuata vitundu vya ngozi. Ushahidi mzuri, ila mimi simtegemei sana. Leonardo alifariki Ufaransa tarehe 2 Mei 1519, na picha ilikuwa naye huko. Vasari wakati huo alikuwa mtoto wa miaka saba Italia. Aliandika alichosimuliwa. Tena ndiye huyohuyo aliyesema Leonardo aliishughulikia kazi ile miaka minne akaiacha haijaisha, na wengine wakadandia hapo: nyusi hazipo kwa sababu hakufika kwenye nyusi. Mtu anayeyachukua maneno ya Vasari kuhusu kutokwisha aeleze basi kwa nini anayaruka maneno ya Vasari kuhusu nyusi.

Shahidi wangu mimi yuko Madrid, katika jumba la makumbusho la Prado. Kuna nakala ya Mona Lisa ambayo kwa miaka mingi haikujaliwa na mtu, nyuma ya mwanamke pamepakwa rangi nyeusi tupu. Walipoifanyia kazi kwa ajili ya maonyesho ya 2012, ule weusi ukaonekana ni nyongeza ya baadaye. Wakautoa, na chini yake yakatokea milima na maji yaleyale ya picha ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris alipo Mona Lisa mwenyewe. Kubwa zaidi ni picha za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho unaofichua mchoro ulio chini ya rangi. Pale Leonardo alipobadili mawazo katika mchoro wa chini, akasogeza mstari, mwenye nakala naye kasogeza. Mtu anayenakili picha iliyokwisha hawezi kuyaona marekebisho yaliyofunikwa na rangi. Kwa hiyo nakala ile ilichorwa na mwanafunzi ndani ya karakana, hatua kwa hatua pamoja na mwalimu wake. Na mwanamke wa Madrid ana nyusi. Kama Lisa, mwanamke aliyechorwa, alikuwa hana unywele juu ya macho, mwanafunzi alizitoa wapi?

Sasa zimekwenda wapi? Hapa ndipo wateja wangu hunikatisha na hadithi ya siri, ilhali jibu limelala kwenye kitambaa chao wenyewe.

Uso wa Leonardo umejengwa kwa tabaka za rangi laini kama moshi. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walitangaza vipimo vya miale ya eksirei kwenye picha zake saba, hii ikiwemo. Tabaka nyingine zina unene wa mikroni moja au mbili tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zote pamoja kwenye kivuli cha uso hufika mikroni 40 hivi, karibu nusu ya unene wa unywele wa kichwani. Nyusi huchorwa mwisho, juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, kwa brashi yenye ncha ya sindano. Juu yake huja vanishi. Vanishi hugeuka manjano, halafu hudhurungi. Atatokea mtu wa kuitoa, na dawa inayoyeyusha vanishi haina macho ya kuona vanishi imeishia wapi na nyusi zimeanzia wapi. Kilichochorwa mwisho ndicho huondoka kwanza. Tunajua picha ile ilioshwa na kupakwa vanishi upya mwaka 1809. Simshitaki aliyeiosha, maana kabla yake kulikuwa na miaka mia tatu na mikono mingine. Ila nikiona uso wenye ngozi nzuri usio na nyusi wala kope, sifikirii saluni. Nafikiria pamba ya kuoshea picha.

Mhandisi Mfaransa Pascal Cotte aliruhusiwa mwaka 2004 kuipiga picha kwa kamera ya pikseli milioni 240 inayotenganisha mwanga kwa vichujio 13. Mwaka 2007 akatangaza kwamba ameona juu ya jicho alama ya unywele mmoja uliochorwa. Mmoja tu. Wengine walimcheka. Mimi nilimwamini mara moja, kwa sababu nimeshaona kwenye darubini ndevu za watu zikibaki hivyohivyo, unywele mmoja uliojificha pembeni ya ufa.

Kabla sijaliacha hili: mwaka 2018 madaktari waliandika kwamba huenda Lisa alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, ushahidi ukiwa nyusi zilizokosekana na ngozi ya manjano. Ndugu zangu madaktari, hayo manjano ni vanishi. Ukimpima mgonjwa kupitia kioo kichafu, safisha kwanza kioo.

Dhana ya pili ni ya nguzo. Kwenye kingo mbili za picha, kushoto na kulia, unaona vitako vya nguzo vimekatwa katikati, na ipo michoro ya zamani, ukiwemo wa Raphael mwenyewe, inayoonyesha nguzo zinazoonekana zaidi. Watu wakahitimisha kwamba mtu alishika msumeno. Hili lina heshima, hata wataalamu waliliamini. Lakini picha imechorwa juu ya ubao wa mti wa mpopla, takriban sentimita 77 kwa 53, na ulipochunguzwa Louvre mwaka 2004 na 2005 ikaonekana rangi haifiki ukingoni. Rangi na plasta nyeupe ya chini yake zinaishia kwenye kituta kidogo, na baada ya hapo ni mbao tupu pande zote. Ukikata ubao uliochorwa, rangi inakatika pamoja na mbao. Hapa haikukatika. Raphael aliongeza nguzo zake, au aliiona kazi ikiwa bado changa.

Anayetaka kuona picha ya Leonardo iliyokatwa kwelikweli aende Washington amtazame Ginevra de' Benci. Nyuma ya ubao kuna shada la majani ya loreli na mtende, na chini shada limekatika ghafla. Sehemu ile ilikwenda, na yaelekea mikono yake ilikwenda nayo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama picha ilikatwa, geuza uangalie mgongo.

Herufi ndani ya macho? Mwaka 2010 Mwitaliano Silvano Vinceti alidai kaona L na V kwenye mboni. Louvre walijibu kwamba uchunguzi wao haukuona maandishi. Rangi ya miaka 500 imejaa nyufa, na ukikuza nyufa vya kutosha utapata alfabeti nzima, pamoja na jina la shangazi yako.

Kwamba hana pete wala mkufu na kwa hiyo yuko matangani: Ginevra naye hana kito hata kimoja, na hakuna anayempa pole. Tena picha za infraredi zilizotangazwa mwaka 2006 zilionyesha shela nyepesi sana juu ya gauni, ya aina waliyovaa wanawake wajawazito au waliotoka kujifungua. Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri Francesco del Giocondo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwishoni mwa 1502, na Oktoba 1503 karani mmoja wa Florence aliandika pembeni mwa kitabu chake kwamba Leonardo anachora kichwa cha Lisa del Giocondo. Huyo ni mama wa nyumba yenye heri. Shela ilikuwepo muda wote, vanishi ndiyo iliyoificha.

Na mkiniuliza kwa nini Louvre hawaitoi basi hiyo vanishi ili tuone vizuri, someni tena habari za mikroni. Mimi pia nisingegusa. Nyumbani kwenu vilevile: vumbi liondoeni kwa brashi laini kavu, muishie hapo. Viazi, vitunguu, mkate, sabuni na spiriti ambavyo watu husugulia picha vibaki jikoni.

Yule mama nilimwambia mwishowe, taratibu, kilichokuwa kwenye kitambaa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama naweza kuzirudisha. Nikamwambia sichori sharubu za kukisia. Akaanza kunieleza zilivyokuwa, nene, zimelala kuelekea chini, yeye kalelewa chini ya picha ile, hawezi kusahau. Nikamwomba picha yoyote iliyopigwa sebuleni kwao zamani. Jana amenitumia kwenye simu picha ya harusi ya dada yake. Bibi harusi anakata keki, na nyuma ya bega lake, ukutani, babu anaonekana. Nimeikuza mpaka mwisho. Sharubu ni nyembamba, na ncha zote mbili zimepinda juu.