Nyuki wa Tanga hawakuwa na upande

Likizuka barazani suala la vita vya Tanga vya 1914, hukosi kuambiwa kwamba Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa nyaya: Mwingereza akikanyaga tu, nyuki hao! Hujuma ya angani, eti.

Nyuki walikuwepo kweli, tarehe 4 Novemba. Ila waliochokozwa na risasi hawakuchagua bendera. Hata wapiga rashasha wa Kijerumani waliumwa wakaziacha bunduki zao. Mtego gani huo unaomuuma mtegaji?

Kilichoamua vita ni reli. Tarehe 2, nahodha wa Fox, manowari ya Waingereza, alifika kwanza kudai mji usalimishwe. Kwa kistaarabu kabisa, akampa adui muda. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akautumia kuwashusha askari wake kutoka Moshi kwa treni ya Usambara. Walikuwa kama 1,000 dhidi ya 8,000 wa Mwingereza, lakini wale 8,000 walitoka India, wamechoshwa na safari ndefu ya bahari, na wengi hawajawahi kupigana vichakani. Waliporudi melini waliacha nyuma rashasha 16 na shehena ya risasi, ambazo Wajerumani waliendelea kuzitumia.