Celso Piña na kodiani yake: yasemwayo na yaliyokuwa

Kwa wasiomjua: Celso Piña Arvizu alizaliwa Monterrey, kaskazini mwa Mexico, tarehe 6 Aprili 1953, akafia mji huohuo tarehe 21 Agosti 2019. Alipiga kodiani ya vitufe na kuimba kumbia, muziki wa dansi wenye asili ya Kolombia. Wengi wetu tulimsikia kabla ya kumjua, maana wimbo wake "Cumbia sobre el río" umo katika filamu ya Babel ya mwaka 2006. Tangu hapo yamesemwa mengi juu yake. Mengine si kweli, mengine ni nusu ya kweli, na hiyo nusu ndiyo inayodhuru zaidi kwa kuwa hupita bila kuulizwa. Nampenda mzee huyu. Nikisikia anaelezwa harakaharaka, kama mtu aliyeokota bahati njiani, roho huniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

"Ni Mkolombia"

Hili husemwa na karibu kila anayemsikia kwa mara ya kwanza, wala simlaumu. Bendi yake iliitwa Ronda Bogotá. Mtindo wake, huko Monterrey, watu wanauita "colombiana" basi, bila neno la ziada. Lakini Piña ni mtoto wa Monterrey, na bendi aliianzisha pamoja na ndugu zake wa damu, vijana wa mtaani kama yeye. Jina la bendi lenyewe linaonyesha Kolombia ilivyokuwa mbali nao. Bogotá ni mji wa milimani, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, mji wa baridi na makoti. Kumbia ni ya pwani ya Karibi, ya joto na mchanga. Ni kama kikundi cha taarabu kujiita kwa jina la Mbeya.

Basi ilifikaje Monterrey, mji ulio yapata kilomita 3,000 kutoka pwani hiyo? Haikuletwa na redio kubwa wala na kampuni. Ililetwa na sonidero. Sonidero ni mtu mwenye spika, mashine ya santuri na sanduku la sahani za muziki, anayealikwa kwenye harusi, ubatizo au sherehe ya uani, watu wakacheza barabarani hadi usiku wa manane. Aliyewahi kucheza disko vumbi anamjua mtu huyo hata kama hajawahi kumsikia kwa jina hilo. Kuanzia miaka ya 1960 masonidero wa Monterrey walikuwa wakitafuta sahani za Kikolombia kwa udi na uvumba, nyingine Mexico City, nyingine kupitia kwa watu waliokuwa wakienda kufanya kazi Texas na kurudi. Sahani moja adimu ilikuwa mtaji. Aliyekuwa nayo alialikwa, asiyekuwa nayo alisahaulika.

Mahali palipoupokea muziki huo zaidi ni Colonia Independencia na vilima vya jirani, kikiwemo kile cha La Campana ambako Piña alijipatia jina la "Cacique de la Campana", yaani chifu wa La Campana. Independencia zamani iliitwa San Luisito, kwa sababu iliwapokea wahamiaji waliotoka San Luis Potosí kutafuta kazi. Monterrey ulikuwa mji wa viwanda: chuma, vioo, bia. Kiwanda cha chuma cha Fundidora kilianza mwaka 1900 na kufilisika mwaka 1986. Waliojenga mji na kuwasha matanuri yake walilala ng'ambo ya mto Santa Catarina, upande wa kusini, kwenye vibanda vilivyopanda mlima. Nyuma ya mlima huohuo iko San Pedro Garza García, moja ya manispaa tajiri kuliko zote Mexico. Independencia imekaa katikati, kati ya ofisi za mjini na majumba ya matajiri, ikitazamwa kutoka pande zote mbili na kutembelewa na wachache.

Ukijua hilo, jina la "Cumbia sobre el río", kumbia juu ya mto, linakuwa na uzito mwingine.

"Kodiani ilikuwa tayari ya kaskazini, kwa hiyo hakufanya jipya"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ulipo ujuzi wake.

Ni kweli kwamba kaskazini mwa Mexico kodiani ilikuwapo zamani. Wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi za jirani zake waliileta Texas na Mexico katika karne ya 19, pamoja na polka na valsi, na wenyeji wakaioanisha na gitaa kubwa la nyuzi kumi na mbili liitwalo bajo sexto. Huo ndio msingi wa muziki wa norteño. Ukiwa kijana wa Monterrey mwenye kodiani, kila mtu alijua utakachopiga.

Piña alishika chombo kilekile akakiongelesha lugha nyingine. Kodiani aliyoitumia ni ya vitufe, safu tatu, wala si ile ya funguo za kinanda. Katika modeli maarufu ya Hohner kuna vitufe 31 vya mkono wa kulia na 12 vya besi mkono wa kushoto. Kinachowashinda wengi ni mvukuto. Kitufe kimoja hutoa sauti moja ukiusukuma na sauti nyingine ukiuvuta. Kwa hiyo huwezi kujifunza vidole peke yake, ni lazima mkono unaosukuma na vidole vinavyobonyeza vipatane, kama mhunzi anayefua huku akivuvia moto mwenyewe. Mpigaji wa polka hupanga sentensi ndefu zinazotiririka kwa mapigo mawili. Kumbia inataka vifungu vifupi vinavyorudi na kurudi, vikijibizana na ngoma na kwaruzo la wacharaka, kipande cha mwanzi kilichochongwa mikato na kukwaruzwa kwa uma wa waya. Kodiani hapo haiongozi gwaride. Inaingia, inasema neno, inaacha nafasi.

Nani alimfundisha? Baba yake alimpatia kodiani, na santuri zikamfundisha. Hakusoma shule ya muziki. Alifanya vibarua vya namna nyingi, akafanya pia kazi za chini katika hospitali ya watoto, na baada ya kazi alirudi kusikiliza: Aníbal Velásquez wa Barranquilla, Alfredo Gutiérrez, Andrés Landero wa San Jacinto. Watu husema "alijifundisha mwenyewe" kana kwamba maana yake ni kipaji kilichodondoka kutoka mbinguni. Mimi naona ni kinyume. Santuri haikwambii mpigaji alisukuma au alivuta. Unasikia sauti tu, na wewe ndiye unayepaswa kugundua, kwa kukosea, ni mwelekeo upi wa mvukuto unaoizaa. Mtu aliyejifunza hivyo amefanya kazi mara mbili ya yule aliyekalishwa mbele ya mwalimu.

Ndiyo maana ya jina lake lingine, "El Rebelde del Acordeón", Mwasi wa Kodiani. Wapo wanaodhani aliitwa mwasi kwa siasa, au kwa ujambazi. Uasi wake ulikuwa wa kodiani: aliitoa kwenye njia iliyokuwa imechongwa tayari, mjini kwake mwenyewe, mbele ya watu waliojua fika njia hiyo ilikuwa ipi.

"Ni muziki wa wahuni"

Dhana hii haikuzaliwa nje, ilizaliwa Monterrey. Kwa miaka mingi wenye mji waliusikia muziki wa colombiana wakawaza visu. Magenge yalikuwapo kweli katika vitongoji vile, na ugomvi ulizuka dansini, sitaki kulificha hilo. Lakini genge halikuzaliwa na kodiani. Mtaa usio na maji ya uhakika, usio na shule za kutosha, unaosubiri ajira kutoka kiwanda kinachofungwa, utakuwa na vijana wenye hasira hata ukiwapigia Mozart. Vijana hao walichukua kumbia ya Kikolombia, wakajibunia mavazi mapana na mitindo ya nywele isiyo na mfano, wakacheza kwa duara, wakiinama na kujivuta kwa madaha. Filamu ya Fernando Frías, Ya no estoy aquí, ya mwaka 2019, imewaonyesha kwa heshima waliyostahili.

Na zingatia hili: Gabriel García Márquez, mwandishi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982, mzaliwa wa Aracataca, pwani yenyewe ya Kolombia, alifika Monterrey, akamsikia Piña, akasimama kucheza.

"Yeye ndiye aliyebuni kumbia ya polepole"

Hapana. Kumbia iitwayo rebajada, ile inayoburuta kama betri imekwisha, ina asili yake Monterrey, ila haikutoka kwa Piña. Inahusishwa na sonidero Gabriel Dueñez. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mashine yake ilipata joto sherehe ikiwa imepamba moto, muziki ukaanza kwenda taratibu na sauti ikawa nzito, na watu badala ya kulalamika wakaomba uendelee hivyohivyo. Baadaye alirekodi kanda za namna hiyo makusudi. Piña alikua katika hewa hiyohiyo, ila yeye alikuwa mpigaji wa ala na bendi hai. Kumpa sifa zote ni kumnyang'anya Dueñez, na nadhani Piña mwenyewe asingefurahi.

Wakati tuko hapo: si kweli pia kwamba kumbia yote ya Mexico ni nakala ya Kolombia. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imeshaanza kupigwa na orkesta za Mexico, na baadaye ikazaa matawi yake yenyewe, kila mkoa na ladha yake. Rigo Tovar wa Matamoros alitia gitaa la umeme na sintesaiza. Monterrey ndio waliong'ang'ania sauti ya kodiani ya pwani.

"Alipata umaarufu mwaka 2001, baada ya kubebwa na wanarap"

Mwaka 2001 ilitoka albamu ya Barrio Bravo. Mtayarishaji alikuwa Toy Selectah wa kundi la hip hop la Control Machete, nalo ni la Monterrey vilevile. Ndani walishiriki bendi za roki za Café Tacvba na El Gran Silencio, mwimbaji Blanquito Man wa bendi ya King Changó na wengine. Ikapita mipaka, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya Kilatini, na Piña akaanza kualikwa kwenye majukwaa ambayo kabla ya hapo yasingemfungulia mlango.

Lakini alikuwa na miaka 48. Nyuma yake kulikuwa na miaka ishirini hivi ya kupiga, sahani kadhaa, na mashabiki ambao hawakuhitaji kuambiwa yeye ni nani. Walioshangaa mwaka 2001 ni watu wa ng'ambo ya pili ya mto. Na neno "kubebwa" ndilo linalonikera. Wale vijana wa hip hop na roki wa Monterrey walikua wakisikia kumbia kupitia ukutani kwa jirani. Walimfuata mzee wa mtaa wao wakijua wanachokitafuta. Sikiliza "Cumbia sobre el río": mashine, besi, maneno ya kurap, yote yamepangwa kuizunguka kodiani. Ukiiondoa, kinachobaki ni fremu tupu.

Vilevile si kweli kwamba baada ya hapo aliacha kumbia ya mtaani. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2002, aliiita Mundo Colombia. Alipiga mpaka mwisho. Siku aliyofariki kwa shambulio la moyo, akiwa na miaka 66, akaunti yake ya Twitter ilikuwa imechapisha ujumbe kwamba hakuna awezaye kuipinga kumbia.

"Kodiani ni ya Wazungu, kumbia ni ya Walatini, sisi hayatuhusu"

Hili nimelisikia kwa watu wa kwetu, tena wapenzi wa muziki. Kodiani ilipewa hataza Vienna mwaka 1829, sawa. Lakini imekaa Zanzibar ndani ya orkesta za taarabu, na imekaa kwa Wakikuyu ndani ya dansi yao ya mwomboko, ikienda sambamba na karing'aring'a, duara la chuma linalogongwa. Ukisikia mwomboko halafu ukasikia kumbia ya Landero, utaona wakulima wa bara mbili walivyoifanyia ala moja ya kigeni jambo moja: wameiweka pembeni ya mdundo na kuilazimisha iufuate.

Na kumbia yenyewe ilikuwa na ngoma na filimbi kabla haijawa na kodiani. Filimbi ni za wenyeji wa asili wa pwani ile. Ngoma ni za Waafrika waliopitishwa utumwani katika bandari ya Cartagena, wengi wao watu wa Kongo na Angola. Baadhi yao walitoroka na kuanzisha kijiji chao huru, San Basilio de Palenque, safari fupi tu kutoka Cartagena, na lugha yao bado ina maneno ya Kikongo. Huko Palenque, hadi leo, ng'ombe anaitwa ngombe.