Sauerkraut haitiwi siki, jamani

Jumamosi nimetumiwa tena video, mtu anachemsha kabichi na siki na vijiko viwili vya sukari, anapakua, anasema hiyo ndo sauerkraut ya Wajerumani. Ni mara ya nne mwezi huu na nimechoka kujibu mmoja mmoja WhatsApp. Mimi napika kwa riziki hapa Stuttgart, Ujerumani, na kila mwezi wa kumi naenda kwa mama mkwe wangu kule Filder tunaweka kabichi ya mwaka mzima, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Sauerkraut ni kabichi na chumvi, basi. Ugwadu wake unatoka kwenye kabichi yenyewe.

Na sisi tuliokulia kwenye mtindi ndo tulitakiwa tuelewe hili mapema kuliko watu wote. Kamulia ndimu kwenye maziwa, yatakatika na yatakuwa na ugwadu, lakini nani atayaita mtindi? Mtindi unaachwa ugande. Kabichi nayo inaachwa ichachuke: chumvi inavuta maji yatoke kwenye majani, kabichi inazama kwenye maji yake, hewa inakosekana, halafu bakteria ambao walikuwa kwenye majani tangu shambani wanakula sukari ya kabichi na kutoa asidi ya laktiki, asidi ileile ya kwenye mtindi. Siki ni asidi nyingine kabisa, ukifungua chupa inakupiga puani. Sauerkraut nzuri haikupigi puani, unaisikia kwenye mashavu na mate yanajaa.

Najua kosa linatokea wapi. Kuna rotkohl, kabichi nyekundu inayopikwa na tufaha, na ile kweli inatiwa siki, na kuna krautsalat ambayo ni kama ndugu yake kachumbari, nayo ina siki. Mtu amekula hizo mbili akazichanganya na ya tatu. Ila usinifundishe mimi hiyo ya tatu.

Filder ni uwanda ulio kusini mwa Stuttgart, ndege zinatua palepale pembeni ya mashamba, na kabichi yake haina umbo la mpira, imechongoka juu kama pia. Majani yake laini na mishipa yake myembamba. Mama anakata kwa ubao wenye visu, mimi naponda kwa ngumi ndani ya mtungi mpaka maji yapande juu ya kabichi, na hapo usifanye haraka, mkono ukichoka pumzika halafu urudi, kwa sababu kabichi inayobaki nje ya maji ndo inayooza. Juu tunafunika majani mazima, tunaweka jiwe, tunafunga. Mtungi una mfereji ukingoni unaojazwa maji, gesi inatoka ikibubujika na hewa haiingii. Siku chache za mwanzo unakaa jikoni, baadaye unashushwa chini kwenye ubaridi, wiki 4 hadi 6.

Sasa chumvi. Vitabu vinasema gramu 20 kwa kilo moja na mimi napima hivohivo. Mama hapimi, anatupa kwa kiganja, anaonja, anaongeza. Mwaka juzi nilimwomba nipime pakiti kabla na baada, mtungi mmoja ukatoka gramu 16 kwa kilo, mwingine 22, na ule wa 16 ulikuwa mtamu kuliko wangu wote wa mizani. Sina maelezo ya kukupa. Anayeanza apime tu.

Kingine ni utando mweupe juu ya maji. Mama anauengua anaendelea, mimi naengua lakini moyo bado unasita. Ukiwa na manyoya au rangi ya kijani au nyeusi hapo hakuna mjadala, mwaga mtungi wote.

Wa Dar mnaoniuliza kama inawezekana: inawezekana, ila kwa joto la nyuzi 30 inachachuka haraka mno na kabichi inalegea. Tafuta pembe yenye ubaridi kuliko zote ndani, anza kuonja mapema, ikikufaa peleka kwenye friji.

Kupika ni rahisi. Kitunguu kwenye mafuta ya kitimoto (asiyekula atumie siagi), kabichi, kisibiti, jani la bay, supu kidogo, moto mdogo. Kwa mama tunakula na schupfnudeln, vidole vya viazi na unga vilivyokaangwa mpaka vikawa na rangi, viazi vichemshwe jana yake la sivyo vinanata.

Na usiioshe kabla ya kupika. Kuna wanaoisuuza mara tatu ili ugwadu upungue, halafu wanaona haina ladha, wanaongeza siki.