Je, wajua kwa nini watu wanabadilisha kamshafti ya Harley ya zamani wakati injini bado nzima?

Ukikaa na watu wenye Harley-Davidson za safari, zile Electra Glide na Road King za 1999 mpaka 2006, kuna stori utaisikia mpaka uichoke: jamaa kafungua injini abadilishe kaplastiki tu, akaishia kufunga kamshafti mpya. Injini haigongi, haili oili, sasa kamshafti ya nini tena? Sababu ya kwanza ni hako kaplastiki na tutakafikia, ila ya pili ndo tamu zaidi, nayo ni namna kamshafti yenyewe inavyoamua pikipiki ivute vipi.

Kamshafti (mafundi wanaiita kemu) ni chuma chenye nundu, inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, yaani krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikipiga mizunguko 3000 kwa dakika kila valvu, ule mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi, inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Nundu inainua tapeti, tapeti inasukuma pushrodi, pushrodi inasukuma roka, roka ndo inabonyeza valvu. Mwenye Honda CG125 haoni kitu kigeni hapo, mpangilio unafanana, ila huku silinda ni mbili na ujazo ni cc 1450. Injini yenyewe inaitwa Twin Cam 88, jina limetokana na kemu mbili na inchi 88 za ujazo.

Sasa watu wengi wakisikia kemu mpya wanauliza inainua valvu kiasi gani, wakati kwa pikipiki ya safari swali la maana ni valvu ya kuingiza hewa inafunga lini. Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza bado iko wazi, ndivyo ilivyopangwa, kwa sababu injini ikienda kasi hewa inayoingia ina msukumo wake na inaendelea kujaza silinda hata pistoni ikiwa imegeuza. Lakini ukiwa mwendo wa taratibu huo msukumo haupo, pistoni inairudisha hewa kulekule ilikotoka, kama pampu ya baiskeli inayovuja, unasukuma kwa nguvu na tairi halijai. Kwa hiyo kemu inayochelewa kufunga inakupa nguvu juu huko mizunguko 5000 na inakunyima chini, inayowahi kufunga inabana mchanganyiko wa hewa na mafuta mapema na kukupa toki, yaani nguvu ya kuvuta, ukiwa 2500.

Na Electra Glide ina kilo 350 na ushee kabla hujaweka mafuta, mabegi na mama watoto nyuma. Nani anaipeleka hiyo mizunguko 5000? Kwenye barabara kuu inatembea 2500 hadi 3000 hivi siku nzima, inataka ivute kilima bila kushusha gia. Ndo maana kemu kama Andrews 21 imependwa sana na wasafiri, valvu ya kuingiza inafunga digrii 30 tu za mzunguko wa krenki baada ya pistoni kuwa chini kabisa, wakati kemu za mbio zinaenda 50 na kuendelea. Kuna wanaochagua kemu kwa sababu ya ule mlio wa kudundadunda injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila pikipiki kutembea, sawa, kila mtu na pesa yake, ila kwangu mimi kuweka kemu ya mbio kwenye pikipiki ya mizigo ni kununua kelele.

Haya, kaplastiki. Kemu za Twin Cam zinaendeshwa kwa cheni mbili, na kila cheni inakazwa na tenshena yenye kiatu cha plastiki kinachosukumwa na springi. Springi haipumziki, cheni inasugua, plastiki inakwisha kidogo kidogo, na vumbi lake linaingia kwenye oili. Ubaya ni kwamba pampu ya oili iko hapohapo nyuma ya sahani inayoshika kemu, ikimeza vipande hivyo presha inashuka na hapo injini nzima iko hatarini. Wengi wanakagua ikifika kilomita elfu 40 hivi. Mwaka 2007 injini za safari zilihamia tenshena za haidroliki, na zile za kabla ya hapo zina seti ya vipuri ya kuzibadilisha.

Ndo hapo hesabu inapobadilika, maana kuifikia tenshena ya ndani lazima utoe kemu, na ukishazishika mkononi kwa nini urudishe zilezile? Beringi za ndani pia zinabadilishwa, za awali zina sindano chache (vile vijiti vyembamba vya chuma vinavyozunguka ndani ya beringi), mafundi wanaweka zenye sindano zilizojaa duara lote.

Kuna kitu kinachekesha ukikiona mara ya kwanza: badala ya kushusha tenki na kufungua vifuniko vya roka, fundi anachukua mkasi wa kukatia bolti na kukata pushrodi za zamani katikati, kra, anazitupa, anaweka mpya zinazorekebishika urefu. Ila akishazirekebisha asizungushe injini hapohapo, tapeti ni za haidroliki na zimejaa oili, valvu bado zimebonyezwa. Anasubiri oili ishuke mpaka pushrodi izunguke kwa vidole, ndipo anahamia silinda nyingine. Akiwa na haraka anapinda pushrodi au valvu inakutana na pistoni.

Pia kuna kikomo. Springi za valvu za kiwandani kwenye Twin Cam za mpaka 2004 zinavumilia mwinuko wa inchi 0.510 hivi, ukizidi hapo unafungua vichwa vya silinda na gharama inapanda. Wengine wanatupa cheni kabisa wanaweka gia, wazo zuri, lakini krenki ikiyumba zaidi ya inchi 0.003 gia zitalia na kulana, kwa hiyo pima kwanza kabla hujalipia.

Na ukimaliza usisahau mafuta. Hewa inaingia tofauti na zamani, yenye kabureta huenda ikataka jeti nyingine (kale katundu ka kupitishia mafuta), yenye injekta inataka programu ipangwe upya, la sivyo itakohoa, itachemka, na utailaumu kemu bure.