Je, wajua kwa nini Wakenya walikopeshwa fedha za kununua ardhi waliyonyang'anywa?

Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni wakidai ardhi na uhuru. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, wengi walitarajia kwamba mashamba ya walowezi kule Nyandarua, Naivasha na Trans Nzoia yangerudi kwa wenyewe bila malipo. Hayakurudi hivyo.

Chanzo ni sheria. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliifanya ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Walowezi wakapewa hati za kukodi, na ile ya 1915 ikaruhusu hadi miaka 999. Mwenyeji akageuka skwota, akimlimia Mzungu huku kipande, kitambulisho cha lazima, kikining'inia shingoni.

Katika mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House, London, Uingereza ilishikilia kwamba hati hizo ziheshimiwe hata baada ya uhuru. Viongozi wa Kenya wakakubali, na naona hapo ndipo dhuluma ya zamani ilipogeuzwa haki ya kisheria: mlowezi akitaka kuondoka, sharti alipwe. Fedha zikakopwa, nyingi kutoka Uingereza kwenyewe, nyingine Benki ya Dunia. Mpango wa ekari milioni moja, wa kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa kuwa skimu za makazi, ulioanza 1962, ulizipa makazi familia zipatazo 35,000. Wakulima wa skimu hizo walianza maisha mapya wakidaiwa, na wengi walishindwa kulipa kwa wakati. Asiye na chochote wala mtu wa kumsemea alibaki nje ya ua. Mashamba mengine hayakukatwa viwanja kamwe. Yalinunuliwa mazima na wanasiasa na maofisa wakubwa.

Kuna urithi mwingine ambao hausemwi sana, nao kwangu ni mzito zaidi. Chini ya sheria ile ya 1915, gavana aliweza kugawa ardhi ya umma. Uhuru ulipokuja, mamlaka hayo hayakufutwa, yalihamia kwa rais. Kwa miongo kadhaa viwanja vya shule, misitu na hifadhi za barabara viligawiwa wenye nguvu, kama Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilivyobainisha mwaka 2004. Sheria hiyo, iliyokuwa imebadilishwa jina tu, ilifutwa 2012, baada ya Katiba ya 2010 kuunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuwawekea wasio raia ukomo wa kukodi wa miaka 99.

Kericho bado kuna kidonda kibichi. Wakipsigis na Watalai waliondolewa kupisha mashamba ya chai, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, ambako maradhi yaliua wengi. Uingereza ilikataa kuzungumza nao kuhusu fidia. Mwaka 2022 wakaishtaki katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.