Mtoto wa Mthai aliyezaliwa ng'ambo: uraia wake unatoka wapi?

Mtoto aliyezaliwa Mombasa, Muscat au Berlin, mama yake akiwa raia wa Thailand, naye ni raia wa Thailand. Ni raia tayari, tangu siku aliyozaliwa, hata kama ubalozi haujawahi kulisikia jina lake. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uraia ya nchi hiyo ndicho kinachosema hivyo: aliyezaliwa na baba au mama mwenye uraia wa Thailand, ndani au nje ya nchi, ni raia kwa kuzaliwa.

Naanza na hilo kwa sababu wazazi wengi huenda ubalozini kwa unyonge, kama waendao kuomba fadhila. Wanachanganya mambo mawili. Upo uraia wa tajnisi, ambao mgeni huuomba na serikali ikauridhia au kuukataa. Halafu upo uraia wa kurithi kwa mzazi, ambao hauombwi. Hapa kazi ya ofisa ni kupima ushahidi tu: je, huyu kweli ni mtoto wa yule, na yule alikuwa raia siku mtoto alipozaliwa? Ofisa ana haki ya kusema karatasi hazijatosha na kudai nyingine. Zikitosha, hakuna tena suala la kumpenda au kutompenda mwombaji.

Haikuwa hivi siku zote. Sheria hiyo ilipotungwa mwaka 1965, nasaba iliyohesabiwa ilikuwa ya baba. Mtoto wa baba Mthai alikuwa Mthai popote alipozaliwa. Mtoto wa mama Mthai aliyezaliwa nje alipata uraia pale tu ambapo hakuwa na baba anayetambulika kisheria, au baba huyo hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Basi mwanamke wa Kithai aliyeolewa na Mjerumani akajifungulia Ujerumani, mbele ya sheria ya kwao alizaa mgeni. Dhuluma hiyo iliondolewa na marekebisho ya mwaka 1992, yaliyoweka neno "au" kati ya baba na mama. Tena hayakuishia kwa watakaozaliwa baadaye. Yalisema wazi kwamba kanuni mpya inawahusu pia waliozaliwa kabla yake. Aliyezaliwa ng'ambo mwaka 1975 kwa mama Mthai aliingia humo.

Wapo watu wazima leo, wenye watoto wao, walioambiwa utotoni kwamba hawana haki. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa sheria ya wakati ule, nao wakalibeba maisha yao yote bila kuuliza tena. Wanapaswa kuuliza tena.

Upande wa baba una kikwazo chake. Nchini Thailand ndoa ya kisheria ni ile iliyosajiliwa na serikali. Sherehe ya kubarikiwa na watawa na karamu ya ukoo, hata iwe kubwa namna gani, haimfanyi mwanamume kuwa mume kisheria. Mtoto wa nje ya ndoa iliyosajiliwa ni mtoto halali wa mama yake moja kwa moja, ila si wa baba mpaka hatua nyingine ichukuliwe: wazazi wasajili ndoa baadaye, baba amsajili mtoto kuwa wake, au mahakama iamue. Kwa miaka mingi watoto wa baba Mthai na mama mgeni waliangukia hapo. Mwaka 2008 sheria ya uraia ilirekebishwa tena, na sasa "baba" ni pamoja na yule anayethibitishwa kuwa mzazi wa damu hata kama hakusajili ndoa na mama. Kipimo cha vinasaba (DNA) kutoka taasisi inayokubalika ndicho ushahidi wenye nguvu. Kwa hiyo wasiooana wasikate tamaa, ila wajue njia yao ni ndefu kuliko ya mama Mthai.

Sasa karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha nchi alikozaliwa mtoto huhakikiwa na mamlaka za nchi hiyo, kisha hutafsiriwa kwa Kithai. Mzazi Mthai huleta kitambulisho chake na nakala ya daftari la makazi, yaani orodha rasmi ya wakazi wa nyumba yake, pamoja na cheti cha ndoa kama kipo. Kwa walioko Kenya na Tanzania, ubalozi unaohusika uko Nairobi. Ukiridhika, ubalozi hutoa cheti cha kuzaliwa cha Kithai, kiitwacho sutibat, na hicho ndicho mlango wa pasipoti ya kwanza.

Angalieni majina. Jina la baba wa Kiafrika likiandikwa kwa herufi za Kithai kwa namna moja kwenye cheti cha ndoa na namna nyingine kwenye sutibat, mtoto atasumbuliwa na tofauti hiyo miaka mingi. Kubalianeni mapema na mfasiri, mkae na tahajia moja. Na msishtuke mkiona mwaka 2535 kwenye hati: Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele kwa miaka 543, hivyo 2535 ndiyo 1992.

Watu wengi hukomea kwenye pasipoti, na hapo ndipo kazi huachwa nusu. Maisha ya raia ndani ya Thailand huendeshwa kwa tabien baan, daftari la makazi lenye jalada la buluu ambalo kila nyumba inalo. Mtoto huandikwa humo katika ofisi ya wilaya, kwa ridhaa ya mwenye nyumba aliyesajiliwa, mara nyingi bibi au mjomba. Hapo hupata namba yake ya tarakimu 13, na akishatimiza miaka 7 hupewa kitambulisho. Kwa mtu mzima anayejitokeza kwa mara ya kwanza, maofisa huweza kuwahoji ndugu kama mashahidi. Ndiyo maana nashauri mambo haya yafanywe bibi na babu wakiwa hai na kumbukumbu zao zingali safi.

Je, mjukuu? Sheria ya Tanzania humpa uraia wa kurithi mtoto aliyezaliwa nje, lakini raia wa kurithi hawezi kuupitisha kwa mtoto wake naye akizaliwa nje. Sheria ya Thailand haina ukomo huo. Mnyororo hukatika tu pale mzazi alipokuwa ameupoteza uraia, kwa mfano kwa kuukana, kabla ya mtoto kuzaliwa. Hata hivyo kila kizazi husimama juu ya hati za kilichotangulia: mama aliyezaliwa nje na hajasajiliwa hana budi kusajiliwa yeye kwanza, ndipo mwanawe afuate.

Haki hii ina mizigo yake. Kijana wa kiume hujiandikisha kwa ajili ya jeshi anapoingia mwaka wa 18 wa umri wake, na wa 21 huitwa. Mwezi Aprili vijana huchota kura: kadi nyekundu ni jeshini, nyeusi ni nyumbani. Kwa upande mwingine, raia anaweza kumiliki ardhi, jambo ambalo sheria ya ardhi humnyima mgeni kwa kawaida.

Thailand yenyewe haimlazimishi mtoto wa namna hii kuchagua. Humpa nafasi ya kuukana uraia wake anapofikisha miaka 20, akitaka. Shida yaweza kutoka upande wa pili. Mkenya wa kuzaliwa anaruhusiwa uraia wa nchi mbili na katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mtoto wa baba Mtanzania na mama Mthai akifika miaka 18 anakabiliwa na uamuzi, na wazazi wafaa kumweleza mapema, kabla hajaukuta mbele ya dirisha la uhamiaji.