Methali ni nini hasa, na kwa nini mtoto wa Moshi haielewi "maji yakijaa hupwa"

Juzi jioni niko jikoni namenya ndizi za mtori, kijana wangu wa darasa la nne yuko mezani na homwek, kaandikiwa "Asiyesikia la mkuu..." amalizie, akamaliza fasta, "huvunjika guu". Nikamuuliza, haya mkuu hapo ni nani? Akajibu bila wasiwasi, mwalimu mkuu. Na guu je? Wamekosea, ni mguu. Nilicheka mpaka kisu nikakiweka chini, ila baadae nikawaza, huyu mtoto atapigiwa vema nyekundu safi kabisa na methali yenyewe hana.

Sasa methali ni nini. Ni sentensi fupi isiyo na mwenyewe, inataja kitu kimoja ikimaanisha kingine, na inatolewa kwa sababu kuna jambo limetokea mbele yenu. Hilo la mwisho ndo tunalisahau. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, mathal, yaani mfano, na mfano lazima uwe mfano wa kitu fulani, ukiuweka peke yake ubaoni unakuwa kama kofuli lisilo na mlango. Nahau ni kitu kingine, ile unaiingiza ndani ya maneno yako na inabadilika, nilipiga moyo konde, atapiga moyo konde, wakati methali inakuja nzima na kusimama yenyewe.

Nyingi zina vipande viwili, cha kwanza kinafunga na cha pili kinafungua, na vipande vinaitana kwa sauti, ndo maana ni guu sio mguu, guu ni mguu mkubwa na linapatana na mkuu, na mkuu mwenyewe ni mtu aliyekuzidi umri, hata dada yako. Bibi yetu kule juu kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, alikuwa hamalizi methali kabisa. Ukimimina maziwa yote kwenye chai atasema tu "haba na haba" afu ananyamaza, wewe mwenyewe unamalizia kichwani na unarudisha kibuyu.

Kwa watoto wa huku kwetu kuna shida moja ambayo sioni ikisemwa. Methali nyingi za Kiswahili zimezaliwa pwani. Zimejaa madau, tanga, kupwa na kujaa, na mtoto wa Majengo au Kiboriloni hapa Moshi bahari hajaiona, anachojua ni mfereji na mto Karanga. "Maji yakijaa hupwa" wangu alidhani ni ndoo. Ikabidi nimweleze kwamba kule Tanga bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, saa hizi mashua inaelea, baada ya masaa kadhaa imelala kwenye mchanga mtupu na watu wanatembea pale palipokuwa na maji. Hapo ndo akashtuka, akasema kwa hiyo ni kama yule jirani aliyekuwa na magari matatu? Mimi nikamwambia nyamaza, dirisha liko wazi.

Nyingine ni za zamani tu. "Penye udhia penyeza rupia", rupia ni pesa ya enzi za Mjerumani, iligawanywa kwa heller mia moja, na hiyo heller ndo hii hela tunayoitafuta kila siku. Hiyo ukimfundisha mtoto ujiandae, maana kwa macho ya leo inanuka rushwa. Na "kikulacho ki nguoni mwako" inamtaka ajue chawa ni mdudu kwanza, siku hizi ukisema chawa wanafikiria mtu anayemsifia bosi.

Kwa watu wazima kazi yake ni nyingine kabisa, haifundishi, inasitiri. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwezi fulani mweka hazina kaja bila daftari, mara ya pili hiyo, anasema hesabu zote ziko kichwani. Watu kimya, wengine wanaangalia simu. Mama mmoja mtu mzima akajitengeneza kanga begani akasema taratibu, "jamani, mali bila daftari huisha bila habari." Basi. Hakumwita mtu mwizi, hakumtaja, waliosema ni wahenga sio yeye, na mtu mwenyewe kaomba bodaboda akafuate daftari nyumbani. Ungesema kwa lugha ya kawaida pale kikundi kingevunjika siku ile ile.

Halafu msishangae zinapingana. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo, zote sahihi, kwa sababu methali sio sheria, ni dawa, na dawa ya kuharisha humpi mwenye kikohozi. Tena zile picha za jua linazama zilizoandikwa "methali ya Kiafrika" huwa zinanichosha kidogo, Afrika ina lugha zaidi ya elfu moja, ya nani? Ile ya mtoto kulelewa na kijiji kizima kila mtu anaisambaza na mwenye nayo hatajwi, wakati sisi tuna "mkono mmoja haulei mwana" na hatuitumii.

Mimi siku hizi nyumbani sipangi kipindi cha methali, nasubiri tukio. Wiki iliyopita mdogo wake, ana miaka minne, kaning'ang'ania anataka kukata karoti, kalia weee, nikaishiwa nguvu nikasema haya, mtoto akililia wembe mpe. Yule mkubwa kaniangalia, kaangalia juu ya kabati, akauliza, sasa mama mbona kisu umekificha?